Dakika Nzima ya Tabibu

Katika mtaa wa Kiganjo, pembeni mwa mji wa Thika, ambako wapangaji wengi hurauka alfajiri kwenda viwandani na kwenye mashamba ya mananasi, yupo tabibu mmoja, ofisa wa kliniki kwa cheo, lakini watu humwita daktari, nami nimebahatika kumtazama akiitenda kazi yake kwa utulivu ambao siku hizi umekuwa adimu.

Aliletewa mtoto wa miezi kumi mwenye homa na kikohozi, na mama yake, ambaye alikwisha kumpitisha kwingine, akatanguliza karatasi ya maabara iliyoandikwa malaria na taifodi. Tabibu aliipokea kwa adabu, akaisoma, akaiweka kando. “Mpakate hivyo hivyo, mama, usimwamshe,” akasema. Kisha akaipandisha fulana ya mtoto polepole, akaielekeza saa yake kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza. Alihesabu pumzi dakika nzima, wala hakuhesabu nusu akazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja: mara huenda mbio, mara hutulia, na mwenye haraka aghalabu hudanganyika. Dakika ilipotimia zilikuwa zimevuka 50, ambacho ndicho kiwango cha kumtilia shaka mtoto wa kati ya miezi 2 na 12, kama ilivyo 40 kwa aliyetimiza mwaka hadi kufikia mitano. Akainama kutazama chini ya mbavu, kama kifua kinabonyea mtoto avutapo hewa. Akauliza kama ananyonya, kama hutapika kila alishwacho, kama amepatwa na degedege. Ndipo alipotamka, kwa sauti ya shahidi mwenye yakini, kwamba hiki ni kichomi.

Naisifu elimu hii kwa kuwa ala zake kubwa ni jicho, sikio, mkono na swali lililoulizwa kwa wakati wake. Ukope wa chini uliovutwa taratibu humwonyesha weupe wa mtu aliyepungukiwa na damu. Ngozi ya tumbo iliyofinywa ikiachwa, nayo ikakawia zaidi ya sekunde 2 kurejea mahali pake, humwambia kwamba kuhara kumemkausha mtoto mno. Kikohozi kilichotimiza wiki mbili humfanya afikirie kifua kikuu, hata mgonjwa mwenyewe akisisitiza kuwa ni vumbi la kiwandani. Fauka ya hayo, huuliza habari za safari. Kwani Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na homa ya mtu ambaye hakutoka Kiganjo haina maana sawa na homa ya aliyerudi majuzi kutoka Kisumu au Busia, ambako mbu wa malaria ni jirani wa kila nyumba.

Sanaa hii ina nasaba tukufu. Al-Razi, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua kwa kuziangalia dalili zake kwa makini. Auenbrugger, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, alitangaza mwaka 1761 jinsi ya kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza kinavyojibu. Na Laennec, mjini Paris mwaka 1816, alikunja karatasi, akaitia sikioni, na humo ikazaliwa stetoskopu. Kwetu Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba kilichoanza mwaka 1927, ambacho leo kina tawi lake hata hapa Thika, kimewarithisha vijana wetu amana hiyo.

Maabara nayo ina haki yake. Shirika la Afya Duniani lilipoagiza, mwaka 2010, kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, lilituokoa na desturi ya kuiita kila homa malaria. Lakini kipimo hujibu swali lile tu lililoulizwa. Kile cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta kingamwili, nazo zaweza kubaki damuni kwa sababu ya ugonjwa uliokwisha kupita, au chanjo, au hata vijidudu vya jamaa nyingine. Na bado watu wangapi miongoni mwetu wamepewa jina la taifodi kwa kipimo hicho peke yake, wakameza dawa, na maradhi yao halisi yakabaki bila kuulizwa?

Hilo ndilo linalonihuzunisha. Vijana wanaotoka vyuoni wanajua kuhesabu pumzi, ila foleni ni ndefu, na mgonjwa mwenyewe, akiguswa na kuulizwa bila ya kutolewa damu, huondoka akinung’unika kuwa hakutibiwa. Kipimo kina bei na stakabadhi. Dakika nzima ya kumtazama mtoto haina stakabadhi, na kwa hiyo inapoachwa hakuna daftari linaloonyesha upungufu, wala msimamizi anayeuliza imekwenda wapi. Hasara yote humwangukia mtoto ambaye kichomi chake kimeitwa taifodi, na yeye hajui hata kusema.