Nani Ashike Kipimo? Uhakiki wa Zana za Mtandaoni za Kujisomea

Katika miaka ya karibuni yamezuka maneno mengi juu ya zana za mtandaoni ambazo, kwa madai ya watengenezaji wake, humwezesha mwanafunzi kujipangia masomo na kuyapata kwa kipimo kinachomfaa yeye peke yake. Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda hatuna budi kuyachunguza madai hayo kwa makini. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, ilhali walimu wa somo hili hawatoshi na vitabu ni haba. Pengo hilo ndilo ambalo simu ya mkononi inaahidi kuliziba. Makala haya yanakusudia kuihakiki ahadi hiyo kwa kuuliza swali moja: mafunzo yanaposemwa kuwa yamekatwa kwa kipimo cha mwanafunzi, ni nani aliyeshika kipimo?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na madarasa mengi hayakurudi kikamilifu hadi Januari 2022. Siku ya kuripoti alirejea mwanafunzi wangu mmoja aliyeondoka akiwa kidato cha kwanza. Shangazi yake aliyemsindikiza alinionyesha simu yake. Kijana alikuwa ameitumia kujisomea Kiswahili kwa programu fulani, nayo programu ilikuwa imemwandikia kwamba amehudhuria siku 412 mfululizo bila kukosa hata moja. Nilimpongeza mbele ya wenzake. Wiki ya tatu ya muhula akaja mlangoni pangu, macho yamemwiva, akasema: "Mwalimu, ninapenda kwenda nyumbani kumzika babu." Wenzake waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakujua wanacheka nini, akadhani wanaicheka huzuni yake.

Mimi sikucheka, maana kosa lile nililifahamu. Katika Luganda, kitenzi *okwagala* hubeba maana zote mbili, kupenda na kutaka. Mganda asemapo *njagala kugenda*, msikilizaji huielewa maana kwa muktadha. Kijana yule alichukua neno moja la Kiswahili akalitwisha mizigo miwili. Lau angalisema "ningependa", asingechekwa na mtu, kwani tofauti ni kiambishi kimoja tu, *-nge-* mahali pa *-na-*. Na lau angalisema "naomba ruhusa", angesema kama wasemavyo Waswahili wenyewe. Siku zote 412 programu ilimhesabia neno "penda" kuwa sahihi, nayo haikusema uongo. Ilimuuliza neno hilo kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno lake la kupenda na neno lake la kutaka. Kosa la Mganda halikuonekana kwa sababu hakuna aliyelitafuta.

Asili ya zana hizi

Yafaa kwanza tujue kwamba wazo lenyewe si geni. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha utafiti wake juu ya kumbukumbu. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuandika ni baada ya muda gani husahaulika. Aligundua kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali huhifadhi zaidi kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliieleza njia ya kutumia kanuni hiyo kwa kadi za karatasi na kisanduku chenye vyumba. Kadi uliyoijibu vyema husogea chumba cha mbele ili irudiwe baada ya muda mrefu zaidi, na iliyokushinda hurudi chumba cha kwanza. Programu za leo zinazopanga marudio hufanya kazi iyo hiyo ya kisanduku, ila kompyuta ndiyo inayohesabu siku.

Jambo hili lina uzito kwetu. Katika shule zetu nyingi za bweni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Hata nyumbani kifurushi cha intaneti si rahisi kwa mzazi, na tangu Julai 2021 kinatozwa ushuru wa asilimia 12. Ikiwa kanuni yenyewe yaweza kukaa ndani ya boksi la viatu, basi mwanafunzi asiye na simu hakuachwa nyuma, mradi mwalimu wake anaijua.

Kozi zilizokwisha tungwa

Aina ya kwanza ya zana ni kozi iliyokwisha tungwa, ambayo mwanafunzi huifuata ngazi kwa ngazi. Mfano unaojulikana zaidi ni Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012 na kuongezewa Kiswahili mwaka 2017. Tusiinyime haki yake. Masomo yake ni mafupi, masahihisho hutolewa papo hapo, na mwanafunzi mwenye haya hujaribu bila kuogopa kuchekwa. Zaidi ya yote humzoesha mtu kusoma kila siku, nasi walimu twajua jinsi tabia hiyo ilivyo ngumu kuipandikiza.

Lakini kozi hiyo ya Kiswahili ilitungwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kupitia Kiingereza, na hapo ndipo inapompotezea mwanafunzi wetu mali yake. Mtoto wa Kiganda huja darasani tayari anajua *omuntu* na *abantu*, *omuti* na *emiti*, *ekitabo* na *ebitabo*. Kwake mtu na watu, mti na miti, kitabu na vitabu ni jamaa wa ukoo. Anajua pia kwamba anayeambiwa akiwa mmoja ni *ggwe*, na wakiwa wengi ni *mmwe*, sawasawa na wewe na ninyi. Mpitishe mtoto huyo katika Kiingereza, ambamo neno moja hutumika kwa mmoja na kwa wengi, naye atabaki akikisia kama ajibu "unakula" au "mnakula". Ni kumtoa mtu Masaka kwenda Kampala kwa njia ya Gulu.

Kwa upande mwingine, mitego yake halisi haiguswi. Katika Luganda *okuwa* ni kutoa kumpa mtu, na "kuwa" ya Kiswahili ni jambo jingine kabisa. *Okuyiga* ni kujifunza, na "kuiga" ni kufuatisha afanyavyo mwingine. Sauti ya *l* na ya *r* katika Luganda hupokezana kwa kufuata irabu iliyotangulia, kwa hiyo mtoto anayesema *bbiri* nyumbani husema na kuandika "mbiri" shuleni, na rafiki yake humwita "lafiki". Mwenzake aliyeketi dawati moja naye, Mwacholi kutoka kaskazini, hana shida hizo. Yeye shida yake ni ngeli zenyewe, kwa kuwa lugha ya mama yake haina mfumo huo wa upatanisho. Wanafunzi hawa wawili wakifungua kozi moja watapewa somo moja. Programu itajua ni yupi mwepesi na ni yupi mzito, na itawarudishia maneno waliyoyakosea. Itabadili mwendo wa safari, lakini haitauliza kila mmoja ametoka wapi. Kwa maoni yangu huko si kumpimia mwanafunzi. Ni kumpa nguo iliyoshonwa tayari na kumruhusu akunje mikono.

Kadi za mwanafunzi mwenyewe

Aina ya pili ni zana ambayo huja tupu na kumngoja mwanafunzi aijaze. Programu iitwayo Anki, iliyotolewa mara ya kwanza na Damien Elmes mwaka 2006, ni ya namna hii. Jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Hupatikana bila malipo kwa kompyuta na kwa simu za Android, na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi huandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili, naye akitaka huweka sauti. Kadi inaporudi, hujijibu moyoni, hufunua, kisha hubonyeza kimoja cha vitufe vinne kueleza kama amesahau, amepata kwa taabu, amepata, au imekuwa rahisi.

Nimeitumia zana hii kwa Kiswahili changu mwenyewe, maana nami si mzawa wa lugha hii. Kila kosa nililosahihishwa nililigeuza kadi. Faida niliyoiona ni kwamba kabla ya kuandika kadi yanibidi nijue nimekosea wapi na kwa nini. Kazi hiyo ya kutafuta sababu ndiyo somo lenyewe, na marudio huja kulinda tu kile kilichokwisha kueleweka. Kwa hiyo sipendekezi kuchukua mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine na kugawiwa mtandaoni. Anayeyachukua hayo amerudi kwenye nguo ya dukani.

Hata hivyo zana hii nayo ina kasoro zake, na sitazificha. Kwanza, mwanafunzi ni mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja. Nimejikamata mara nyingi nikibonyeza "rahisi" kwa jibu ambalo sikulijua ila nililitambua tu lilipofunuliwa. Mtu mzima hujidanganya. Sembuse mtoto anayetaka kumaliza akacheze? Pili, zana haimzuii mtu kuwa na tamaa. Wiki ya kwanza nilitunga kadi 40 kila siku. Muda si muda marudio yakanirundikia hata siku moja nikakuta zaidi ya 300, nikaifunga simu na sikuifungua kwa mwezi mzima. Kadi tano kwa siku zingalinifikisha mbali zaidi. Tatu, kadi yenye neno moja pweke haifundishi lugha. Kiswahili ni lugha ya upatanisho: anayekariri "mti" bila "huu umeanguka" amekariri nusu. Kadi ibebe sentensi, na sentensi itoke katika haja ya mwenyewe.

Kamusi na tafsiri

Juu ya zana za kutafsiri nitasema machache. Google Translate ilipokea Kiswahili mwaka 2009 na Luganda mwaka 2022, na wanafunzi wetu hawatazingoja ruhusa zetu. Ubaya wake kwa anayejifunza ni kwamba humpa jibu kabla hajajaribu. Basi atumie baada ya kuandika, kwa kulinganisha, na panapotofautiana aulize.

Kamusi ina mafao zaidi, iwe ya mtandaoni au ile *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Lakini humtaka mtu ajue kuvua viambishi. Anayekutana na "amemwandikia" na kuitafuta kwa herufi *a* na *m* atatoka mikono mitupu. Anayejua kuvua *a-*, *-me-*, *-mw-* na ile *-i-* ya kutendea ataifikia "andika". Ujuzi huo ni wetu kuufundisha, na hauhitaji umeme.

Wajibu wa mwalimu

Wapo walimu wanaohofu kwamba zana hizi zitatunyang'anya kazi, na wapo wanaozitumia kama kisingizio cha kutofanya kazi. Wote wamekosea. Mwanafunzi hawezi kuliona kosa ambalo lugha ya mama yake imelifunika; lau angaliliona asingalilifanya. Yahitajiwa sikio la mtu wa pili. Kazi yetu ni kulisikia kosa, kulitaja kwa upole na kueleza chanzo chake, kisha kumwachia mwenyewe kulitungia kadi na kulilinda. Hivyo ndivyo kipimo kinavyoshikwa na mikono miwili, wa mwalimu na wa mwanafunzi, na programu ikabaki kuwa cherehani.

Darasani kwangu tumekata makaratasi magumu na kuyapanga katika maboksi ya viatu yenye vyumba vitano. Kila Ijumaa mwanafunzi hupitia daftari lake, huchagua makosa yake matano, na hunisomea kadi zake kabla ya kuziingiza bokisini. Hakuna maboksi mawili yaliyo sawa. La Mwacholi limejaa ngeli, la Mganda limejaa *l* na *r*. Wenye simu nyumbani huzihamishia huko wakati wa likizo. Sidai kwamba wote wameendelea. Wengine huandika kadi zilizo rahisi ili wamalize upesi, na nisipozikagua kwa wiki mbili boksi huwa pambo.

Kijana niliyemtaja alimzika babu yake, akarudi. Kadi yake ya kwanza ina swali hili: "Unamwendea mkubwa wako kutaka ruhusa. Utasemaje?" Nyuma ameandika: "Naomba ruhusa niende nyumbani." Chini yake, kwa herufi ndogo, ameongeza maneno ambayo sikumwagiza: "Usiseme unapenda."

Nawaomba walimu wenzangu wa kila pembe, hasa walio kaskazini na katika zile sehemu za mashariki ambako lugha za nyumbani si za Kibantu, waorodheshe makosa yanayorudi katika madarasa yao na kuyaleta katika kurasa hizi. Orodha hizo zitatufaa kuliko kozi nyingi, kwa kuwa zitaanzia mahali mwanafunzi aliposimama. Wahenga walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini aliyejikwaa sharti aonyeshwe jiwe.