Kicheko Kisicho Mahali Pake: Hadhira na Adabu ya Ukumbini katika Tamthilia ya Kiswahili Nchini Kenya

Kila mara tamthilia ya Kiswahili inapoonyeshwa mbele ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, lalamiko lile lile husikika baada ya onyesho: kwamba hadhira haina adabu. Mwanamke anapigwa kofi jukwaani, ukumbi unaangua kicheko. Mzee anamlilia mwanawe, vijana wanapiga mbinja. Mwigizaji anajiandaa kutamka kauli iliyo kiini cha mchezo, na safu za nyuma zinaitamka kabla yake kwa kuwa zimeikariri darasani. Waigizaji huondoka wamenuna, walimu huondoka wameaibika, na wahakiki huandika juu ya matini iliyochapishwa kana kwamba hayo hayakutukia. Makala haya yanadai kwamba miitiko hiyo ni sehemu ya onyesho. Kwamba haifai kulaaniwa yote wala kusifiwa yote. Na kwamba kazi ya mhakiki ni kuipambanua aina kwa aina na kuuliza kila moja imezaliwa na nini.

Kwanza ifahamike kuwa kimya cha ukumbini ni mila, tena mila isiyo ya kale sana. Katika London ya zama za Shakespeare, michezo mingi ilionyeshwa mchana katika majumba yaliyo wazi juu, na waliolipa kiingilio cha chini walisimama mbele ya jukwaa, wakionana wao kwa wao na wakionwa na waigizaji. Desturi ya kuzima taa za ukumbi na kumwacha mtazamaji peke yake gizani ilishika mizizi katika karne ya 19. Jumba la Richard Wagner lililofunguliwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, ni mfano wake mashuhuri. Jumba la maonyesho la taifa lilipofunguliwa Nairobi mwaka 1952, chini ya utawala wa kikoloni, lilirithi desturi hiyo pamoja na umbo lake: viti vyote vyaelekea upande mmoja, na anayesema ni yule aliye kwenye mwanga. Kwa hiyo, anayemwambia kijana wa leo kuwa kunyamaza ndiko ustaarabu anampa desturi ya mahali fulani na wakati fulani, kisha anaiita maumbile.

Hata hivyo, si haki kukimbilia ncha ya pili na kusema kuwa Mwafrika kwa jadi yake hupiga kelele, basi na aachwe apige. Hoja hiyo hutolewa mara nyingi na watetezi wa sanaa za jadi, nayo inazidhulumu sanaa hizo. Katika utambaji wa hadithi, fanani huanza kwa kuita, na hadhira huitika; asiyeitika hudhaniwa amesinzia. Lakini mwitiko huo una mahali pake: hutolewa pale fanani anapouomba, hugeuka wimbo pale hadithi inapodai wimbo, na hukoma pale zimwi linaponyemelea. Katika taarabu ya pwani, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akasogea mbele kwa madaha, akamtuza mwimbaji. Kutuza huko ni kauli. Mtuzaji huchagua ubeti wa kuinukia, na wote waliohudhuria hufahamu anamkusudia nani. Anayeinuka ovyo huchekwa. Kwa hakika, hadhira ya jadi haikuwa na uhuru usio na mipaka. Ilikuwa na zamu yake katika mazungumzo, na ilifunzwa kuijua zamu hiyo tangu utotoni.

Kwa kutumia kipimo hicho cha zamu, miitiko ya ukumbini yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni kiitikio: sauti inayolijibu jukwaa na kulisaidia lisonge mbele. Mtawala dhalimu anapojisifu na ukumbi ukaguna, mguno huo unakamilisha maana ya majigambo yake. La pili ni kicheko cha kukimbia, ambacho huzuka pale tukio linapomkaribia mtazamaji kuliko anavyoweza kustahimili. La tatu ni kelele ya aliyetoka mchezoni: soga, simu inayolia, na kauli zinazokaririwa ili wenzake wajue kuwa anazijua. Kelele ya fungu hili la tatu ndiyo peke yake inayostahili kuitwa utovu wa adabu, kwa kuwa hailijibu jukwaa bali inalifuta. Lakini mwalimu wa zamu anaponyanyuka na kuamuru kimya, huyanyamazisha mafungu yote matatu kwa pamoja. Kiitikio kikifa, mwigizaji anayetegemea mguno wa watu husema peke yake kama mtu aliye kisimani.

Fungu la pili ndilo linalotaka uchunguzi zaidi. Kwa nini kofi apigwalo mwanamke lichekeshe? Jibu jepesi ni kwamba vijana ni wakatili. Jibu lenye uzito zaidi lapatikana katika historia ya Kiswahili kama lugha ya maigizo nchini Kenya. Kwa muda mrefu, uigizaji wa Kiswahili uliowafikia watu wengi zaidi ulikuwa vichekesho vya televisheni. Vipindi kama Vioja Mahakamani na Vitimbi, vilivyoanza zama za Sauti ya Kenya, viliingia sebuleni mwa wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho. Vilikuwa na ufundi wake, na marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang' na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa mwigizaji hodari. Lakini viliwazoeza watazamaji ishara fulani: lafudhi ya kabila fulani ni mzaha, ugomvi wa mume na mke ni mzaha, mzee anayelia ni mzaha. Mtazamaji aliyelelewa hivyo anapoliona kofi katika tamthilia ya tanzia, hulisoma kwa alfabeti anayoijua. Kicheko chake si ujinga. Ni ujuzi uliotumiwa mahali pasipo pake.

Tena, waigizaji wenyewe huchangia kosa hilo. Baadhi ya vikundi vinavyozunguka na tamthilia zinazotahiniwa, kama vile Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea katika miaka yake, huogopa ukumbi uliopoa. Mwigizaji akionja kicheko kimoja hutafuta cha pili: huongeza lafudhi, hujikwaa kwa makusudi, huvuta kofi likawa mchezo wa mikono. Baadaye, akitaka huzuni, huwakuta watazamaji wamekwisha kuahidiwa jambo jingine. Mkataba umevunjwa jukwaani, na lawama zimetupwa kwenye viti.

Kwamba hadhira ya Kenya yaweza kushika zamu yake si jambo la kubuni. Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ilionyeshwa katika jumba lile lile la mwaka 1952. Ngugi ameeleza jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma ya mwisho, wakatoka nao hadi nje. Mwaka uliofuata, kule Kamiriithu, Limuru, tamthilia ya Kigikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ilifanyiwa mazoezi hadharani katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Waliokuja kutazama walitoa maoni juu ya usemi wa wahusika, nyimbo na ngoma. Siku ya onyesho ilipofika, hadhira ilikuwa imeshiriki kuunda kitu ilichokuja kukitazama. Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo Novemba 1977, na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Hapana ukumbi uliobomolewa kwa sababu watu waliokuwamo walikaa kimya wasielewe. Wenye mamlaka walitambua mapema, kuliko wahakiki wengi, kuwa mwitiko wa hadhira ni jambo zito.

Funzo la Kamiriithu kwa wanatamthilia ya Kiswahili si kwamba kila mchezo uishie kwa ngoma. Ni kwamba adabu ya hadhira hutayarishwa, na baadhi ya matayarisho hayo hufanywa ndani ya matini yenyewe. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, umati wa watu umo jukwaani ukimsikiliza kiongozi wake. Mtazamaji anayeutazama umati ule hujifunza namna ya kusikiliza: hushawishika nao, hushangaa nao, kisha hubaki na mashaka ambayo umati hauna. Mwishoni, Kinjeketile akiwa kifungoni na akikataa kusema kuwa maji ni uongo, kimya kinachohitajika ukumbini hakiletwi na mwalimu mwenye kidole mdomoni. Kimeandaliwa tangu mwanzo wa mchezo.

Tamthilia ikifundishwa kama orodha ya maudhui na sifa za wahusika, mwanafunzi huja ukumbini kusahihisha majibu yake, na ndiyo maana huikariri kauli kabla ya mwigizaji. Akifundishwa kuigiza japo onyesho moja, akasimama mahali pa anayepigwa kofi mbele ya wenziwe wanaocheka, hatahitaji kuhubiriwa. Wenye kulalamika juu ya kicheko kile wanatamani hadhira iliyonyamaza. Lakini hadhira inayocheka vibaya bado inaitika, na anayeitika vibaya aweza kuonyeshwa zamu yake. Aliyekwisha kufunzwa kutojibu lolote ndiye aliyepotea kwa tamthilia ya Kiswahili.