Jicho la Kundi la Manowari

Rubani wa jeshi la majini ni mwanamaji ambaye chombo chake ni ndege. Huruka kutoka sitaha ya manowari au kutoka juu ya maji, hufanya kazi yake mbali na macho ya wenzake, kisha huitafuta meli ambayo wakati huohuo imeshasogea maili nyingi kutoka pale alipoiacha. Wachache miongoni mwa marubani hawa hupanda ngazi hadi kukabidhiwa kundi zima la manowari. Wakifika huko huacha usukani wa ndege, lakini ufundi walioanza nao hawauachi. Ufundi huo ni kuona kwa niaba ya watu wasioweza kuona, na kuwaeleza ukweli upesi, bila kuupunguza wala kuutia chumvi.

Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) anga na bahari ni kamandi mbili tofauti, kwa hiyo kazi hii haina mwenyewe nchini. Lakini moja ya majaribio yake makubwa ya mwanzo lilifanyika juu ya maji yanayotoka Mlimba, katika bonde la Kilombero. Mito ya Mpanga, Mnyera na Ruhuji huteremka kutoka nyanda za juu na kukutana bondeni kuwa Kilombero. Kilombero huungana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli, na hapo Rufiji huzaliwa, ikiwa zaidi ya nusu ya maji yake ni ya Kilombero. Siku hizi Bwawa la Julius Nyerere limekaa katikati ya njia. Mwaka 1914 hapakuwa na bwawa, na tope la bondeni lilisafiri bila kizuizi hadi pwani, likajenga visiwa vya mikoko na vijito visivyotulia mahali pamoja.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia kujificha ndani ya delta hiyo. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza walijua kwamba imo humo. Hata hivyo, hawakuweza kuifikia. Manowari zao kubwa zilihitaji kina ambacho milango ya mto haikuwa nacho, na kutoka baharini mtu hakuona chochote ila ukuta wa mikoko. Juu ya hayo, Wajerumani waliifunika meli yao kwa matawi na kuihamisha kutoka kijito hadi kijito. Admirali Herbert King-Hall, aliyekuja kusimamia operesheni hiyo, alikuwa na mizinga mikubwa kuliko ya adui lakini hakuwa na jicho.

Jicho la kwanza lilikodiwa. Dennis Cutler alikuwa rubani wa kiraia kutoka Durban mwenye ndege ya Curtiss ya kutua majini. Mara ya kwanza alipotea katika mawingu na mvua, akatua kwenye kisiwa kidogo hadi alipookolewa. Baadaye Novemba aliiona Königsberg ndani kabisa ya delta, lakini taarifa yake haikutosha, kwa kuwa hakuwa amefundishwa kuzitambua manowari kwa umbo. Safari iliyofuata ofisa wa majini alipanda naye ili kuthibitisha. Hapo panaonekana jambo ambalo mafunzo ya marubani wa majini yamelishika tangu siku hizo. Kuruka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua unachokitazama. Desemba injini ya Cutler ilimwangusha mtoni na akatekwa.

Mwanzoni mwa 1915 zilifika ndege za Sopwith. Joto la pwani yetu lilizishinda. Hewa ya moto ni nyepesi, haiyabebi mabawa vizuri wala haiipi injini nguvu yake kamili, na ndege zile hazikuweza kunyanyuka na mabomu pamoja na mafuta ya kutosha. Zilifuatwa na ndege za Short, ambazo Aprili zilipiga picha za Königsberg ikiwa mafichoni lakini hazikuweza kupanda juu kiasi cha kukwepa risasi. Mwishowe, katika kisiwa cha Mafia, kilichokuwa kimetekwa Januari, ulisafishwa uwanja wa ndege za Henri Farman na Caudron zinazotua nchi kavu. Wakati huohuo zilivutwa kwa kamba kutoka Malta manowari mbili fupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilikuwa na kitako bapa, zikiweza kupita palipo na kina cha chini ya mita mbili.

Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, ndilo linalofundisha zaidi. Severn na Mersey ziliingia mtoni na kutia nanga kiasi cha kilomita kumi kutoka Königsberg. Hazikuiona, nayo haikuziona. Zilipiga mamia ya makombora, na machache tu ndiyo yaliyogusa. Sababu haikuwa uhaba wa ushujaa. Meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji aliyekuwa angani, akiona maji na matope yakirushwa juu katikati ya mikoko, hakuweza kujua kombora lipi limetoka kwa nani. Akiagiza masahihisho, kila meli iliyachukua kuwa yake. Wajerumani nao walikuwa na mtazamaji wao, ambaye alikaa juu ya mti ukingoni kama mlinda ndege kwenye dungu la shamba la mpunga, akiwapa wapiga mizinga wa Looff taarifa safi. Mersey ilipigwa na watu wakafa.

King-Hall na maofisa wake wakawasikiliza marubani. Tarehe 11 Julai amri ilikuwa meli moja ipige kwa wakati mmoja. Badiliko hilo lilionekana dogo, na ndilo lililoamua vita. Juu angani walikuwa rubani John Cull na mtazamaji wake, H. J. Arnold, katika Henri Farman. Arnold alikuwa na mashine ya simu ya upepo na alfabeti fupi ya ishara: mbele sana, fupi, kulia, kushoto. Kila kombora la Severn lilipoanguka aligonga ishara yake, na wapiga mizinga wakabadilisha pembe. Baada ya masahihisho machache makombora yakaanza kuipata shabaha.

Ndipo ndege yao ikapigwa na injini ikaharibika. Cull alianza kuishusha taratibu kuelekea mtoni, bila nguvu ya injini, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho walipokuwa wakishuka. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa kikazi kabisa: makombora yanapiga upande wa mbele, yasogezwe nyuma kidogo. Walianguka majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili, na baadaye wakapewa nishani. Saa chache baadaye Looff aliilipua meli yake mwenyewe. Mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikaburutwa bara kwa mikono na migongo ya Waafrika ambao vita hivyo havikuwa vyao. Mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa, Fort Jesus, na anayeutazama anapaswa kuwakumbuka wavutaji kabla ya wapigaji.

Katika mambo yote ya siku ile, dakika za Arnold ndizo zinazostahili kutukuzwa. Mtu anayeanguka ana haki ya kujifikiria mwenyewe. Yeye aliwafikiria wapiga mizinga waliokuwa vipofu bila yeye.

Delta haikuwasamehe marubani wote. Tarehe 6 Januari 1917 Edwin Moon aliruka juu ya Rufiji pamoja na Kamanda Richard Bridgeman, na injini ikawalazimisha kutua ndani ya vijito. Kwa siku kadhaa walihangaika katika mikoko na maji bila chakula. Bridgeman alikufa, na Moon alichukuliwa mateka. Bridgeman alikuwa na cheo cha kumruhusu kubaki melini na kungoja taarifa, naye akachagua kwenda kutazama kwa macho yake.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilizuka swali zito katika majeshi ya majini: nani astahili kuziongoza meli ambazo silaha yao kuu ni ndege? Marekani ililijibu kwa sheria ya mwaka 1926, iliyotaka manowari za kubebea ndege ziongozwe na maofisa wa anga. Wazee wakarudi darasani. Ernest King alipata mabawa yake ya urubani mwaka 1927 akiwa na miaka 48. William Halsey mwaka 1935 akiwa na miaka 52, tayari ni babu. Wote wawili baadaye walifikia cheo cha juu kabisa cha admirali. Ni heshima kubwa kwa ufundi wowote kwamba mtu mwenye mamlaka akubali kuwa mwanafunzi wake uzeeni.

Marc Mitscher hakungoja uzee. Alipata mabawa mwaka 1916, akiwa rubani nambari 33 wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1919 alikuwa katika msafara wa kuvuka Atlantiki kwa ndege za majini, na ukungu ukamlazimisha kushuka baharini karibu na visiwa vya Azores. Alikijua kiza cha bahari kutoka ndani ya ndege. Jioni ya 20 Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, akiwa kamanda wa kundi la manowari za kubebea ndege, alituma ndege zaidi ya 200 kuwafuata Wajapani, huku akijua kwamba zitarudi usiku na mafuta yakiwa ukingoni. Zilipokaribia, alitoa amri ya kuwasha taa. Kundi zima la manowari, ambalo usalama wake dhidi ya nyambizi ulikuwa giza, liliwaka kama mji. Kama ndege 80 zilianguka baharini au zilivunjika katika kutua, lakini wengi wa waliokuwamo waliokolewa. Mitscher alifariki Februari 1947 akiwa kamanda wa kundi la manowari la Atlantiki.

Ngazi anayopanda rubani wa leo ni ndefu. Kwanza hujifunza kuruka nchi kavu, kisha kutua sitahani, ambako kulabu iliyo chini ya mkia lazima inase moja ya nyaya chache za chuma. Magurudumu yakigusa tu, rubani husukuma injini hadi nguvu zote badala ya kuipunguza, maana kulabu ikikosa waya ana sekunde chache za kuruka tena. Kila kutua hupewa alama na rubani mwenzake aliyesimama pembeni mwa sitaha, na katika jeshi la Marekani alama hizo hubandikwa ukutani ambako kikosi kizima huziona, za kamanda pamoja na za kijana aliyewasili juzi. Kisha huja uongozi wa kikosi, wa meli, wa manowari ya kubebea ndege, na hatimaye wa kundi. Malezi haya ya kukosolewa hadharani kwa miaka ndiyo yanayomfaa admirali kuliko nishani zote. Aliyezoea kusomewa makosa yake kila usiku haogopi taarifa mbaya, na walio chini yake hawaogopi kumletea.

Dar es Salaam iliwaona marubani wa aina hii tarehe 25 Januari 1964. Helikopta kutoka manowari ya Kiingereza Centaur zilishusha askari katika kambi ya Colito, sasa Lugalo, kukomesha maasi ya jeshi kwa ombi la serikali ya Mwalimu Nyerere. Aibu ya kuomba msaada huo iliharakisha kuundwa kwa JWTZ mwaka huohuo.

Bondeni Kilombero ufundi wa mtazamaji unaendelea bila mizinga. Katika sensa za wanyamapori ndege ndogo huruka kwa mistari iliyonyooka, mita mia moja hivi juu ya nyasi, na watazamaji waliokaa nyuma huhesabu nyati, tembo na sheshe walio kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa. Rubani hana ruhusa ya kupinda kufuata kundi linalovutia, kwa sababu mstari ukipinda hesabu huharibika. Makundi makubwa hupigwa picha, kisha picha huhesabiwa mezani, na pale jicho lilipokosea, takwimu ya mtazamaji husahihishwa kabla ya kutumika.