Zombi au Msukule? Konno Junko na Kazi ya Jukwaani katika Zombie Land Saga

Zombie Land Saga, mfululizo wa katuni wa Kijapani ulioanza kurushwa mwezi Oktoba 2018, unawahusu mabinti waliokufa katika nyakati tofauti, wakafufuliwa na Tatsumi Kotaro ili waunde kundi la muziki litakaloupa uhai mkoa wa Saga. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno mawili ya kuwaita. Zombi limekuja na filamu za kigeni na hubeba dhana ya kutisha. Msukule, nchini Tanzania, ni mtu anayeaminiwa kuchukuliwa kwa uchawi, akadhaniwa amekufa, kisha akatumikishwa na aliyemchukua.

Dhana hiyo ya utumishi inamwangaza vyema Konno Junko, nyota wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1983. Mapema yeye na Mizuno Ai, nyota aliyeuawa na radi mwaka 2008, wanajaribu kutoroka. Sura zao za maiti zinawatisha watu, nao wanarudi kwa Kotaro. Hawana pengine pa kwenda.

Baadaye Junko anatakiwa kupiga picha na mashabiki mmoja mmoja, huduma inayolipiwa katika biashara hiyo. Anakataa, kwa kuwa katika enzi yake nyota alitazamwa kwa mbali. Ai anaona ukaribu huo ni sehemu ya kazi. Mgogoro wao hauhusu ushamba na usasa. Unahusu kinachoweza kuuzwa: sauti ya msanii, au hata ukaribu wake.

Hapa ndipo mfululizo unapolegea. Katika tamasha la wazi radi inamtia Ai hofu, Junko anamshika mkono, wimbo unaendelea. Wawili hao wanapatana, lakini swali la Junko linafunikwa na makofi.

Msukule nalo lina kasoro. Katika masimulizi mengi msukule hana kauli, ilhali Junko anayo na anaitumia kukataa. Hata hivyo, zombi likitumiwa peke yake, kukataa huko huonekana kama haya ya binti wa zamani, wala si dai la mfanyakazi ambaye hakuulizwa kabla ya kufufuliwa. Kwa hiyo, miongozo ya tafsiri za filamu katika ukanda huu haina budi kuyabainisha maneno yote mawili, ili mfasiri achague kwa kujua anachokiacha.