Ushindani Si Mpango: Funzo la Ununuzi wa Simu za Serikali ya Marekani

Wapo wanaohubiri kwamba ukiritimba ukivunjwa na makampuni yakashindana, mnunuzi hana kazi tena ila kukaa na kupokea bei nafuu. Kada anapaswa kuipima nadharia hiyo pale ilipopewa kila nafasi ya kufaulu: Marekani, ambako mnunuzi ni serikali yenyewe.

Januari 1984 kampuni ya AT&T, iliyokuwa imehodhi simu za nchi hiyo kwa miaka mingi, ilivunjwa kutokana na kesi ya serikali. Simu za ndani zilikwenda kwa makampuni saba ya mikoa; AT&T ikabaki na simu za masafa marefu, ambako ililazimika kushindana. Desemba 1988 idara ya serikali kuu inayosimamia ununuzi, GSA, ilitoa mikataba ya miaka kumi iliyoitwa FTS2000: asilimia 60 ya kazi kwa AT&T, asilimia 40 kwa US Sprint. Wizara zililazimika kuitumia. Ulikuwa mgawo zaidi kuliko soko, lakini serikali ilinunua kwa sauti moja.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilifungua milango zaidi. Mikataba ya FTS2001 ikatolewa kwa Sprint Desemba 1998, na kwa MCI WorldCom Januari 1999, na wizara zikaachiwa hiari. Bei zilishuka, ni haki kulikubali hilo. Lakini kila kampuni ilihakikishiwa mapato yasiyopungua dola milioni 750. Hapa ndipo ukinzani ulipo. Mnunuzi anasifu ushindani, na papo hapo anamwondolea muuzaji hatari ya kushindwa. Hatari ikabaki kwa umma.

Haikuchukua muda kuonekana. Juni 2002 WorldCom ilikiri kwamba hesabu zake zilipotoshwa kwa dola bilioni 3.8, na Julai ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. GSA ilipendekeza kuizuia kupata mikataba mipya Julai 2003, mwaka mzima baadaye, na Januari 2004 kizuizi kikaondolewa. Je, mnunuzi ambaye simu za ofisi zake zimo mikononi mwa kampuni moja anaweza kuiadhibu kwa urahisi?

Mpango uliofuata, Networx, ulitolewa mwaka 2007 kwa makampuni mengi zaidi. Hata hivyo wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walieleza mwaka 2013 kwamba kuhama kutoka mikataba ya zamani kulichelewa kwa miezi 33, na kwamba akiba ya takriban dola milioni 329 ilipotea. Sababu walizozitaja ni pamoja na udhaifu wa kupanga kazi na upungufu wa wataalamu wa simu ndani ya wizara. Bei nafuu ilikuwapo mezani. Aliyekosekana ni mtu wa kuichukua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati huo soko nalo lilikuwa likijikusanya upya. SBC, mojawapo ya yale makampuni saba, iliinunua AT&T mwaka 2005 na kuchukua jina lake; Verizon, yenye asili hiyo hiyo, iliichukua MCI mwaka 2006. Washindani wa jana wakawa wachache. Ushindani usiosimamiwa huzaa ukiritimba mpya.

Kwa hiyo kosa halikuwa kuwaita wauzaji wengi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba wingi wa wauzaji unaweza kushika nafasi ya mpango. Serikali inayonunua katika soko la namna hii haina budi kujua kila laini inayoilipia, kuwa na wataalamu wake yenyewe, kutomhakikishia muuzaji mapato bila masharti, na kuandaa njia ya kutoka siku ile ile inapotia saini. Bila hayo, uhuru wa soko ni uhuru wa muuzaji peke yake.