Mafundi wa Jua la Matumbawe

Matumbawe yanayofugwa katika matangi ya sebuleni, Marekani au Ujerumani, huishi kwa mwanga: mwani uliomo ndani yake huugeuza kuwa chakula, hasa mwanga wa buluu, wa nanomita 450 hivi. Nawaheshimu sana wanaojiundia taa za mwanga huo usiku, baada ya kazi. Hulehemu LED 12 kwa mfululizo, kila moja ikitaka takriban volti 3, kisha husuka saketi ya kuushikilia mkondo wa umeme palepale, tuseme miliampea 700. Bila hiyo, LED ikipata joto huvuta mkondo zaidi, ikazidi kupata joto, mpaka ikaungua. Kuna bamba la alumini la kuzipoza LED, kuna chumvi inayotambaa kutoka tangini ikila nyaya. Mwanga wenyewe huongezwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ukizidi ghafla, matumbawe hupauka. Na mafundi hao huwagawia wengine michoro ya taa zao bure.