Kiini cha Paa la Boti

Boti nyingi za faiba zilizoundwa Marekani na Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 si faiba tupu. Faiba, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyoloweshwa rezini ya majimaji ambayo baadaye huwa ngumu, ina nguvu kubwa inapovutwa, lakini ni nzito, na bamba lake likiwa jembamba hubonyea chini ya mguu wa mtu. Ndiyo maana waundaji, walipofika kwenye sitaha na kwenye paa la chumba, mahali ambapo uzito ukizidi boti huyumba, walitandaza vipande vya balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kati na Kusini, wakavifunika kwa faiba chini na juu. Mfano unaojulikana ni Triton, boti ya tanga yenye urefu wa karibu mita 8.6, iliyosanifiwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwaka 1959 na mabinamu wawili wa Rhode Island, Clinton na Everett Pearson. Ziliundwa zaidi ya 700, mwili wake ukiwa faiba nene isiyo na mti, sitaha yake, kwa nyingi kati ya hizo, ikiwa na balsa katikati.

Hesabu iliyowaongoza haina ugumu. Bamba la kitu kimoja likiongezwa unene mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda hukua mara nane, na kwa kuwa nguvu ya kupinda hubebwa zaidi na nyuso mbili za nje, katikati panaweza kuwekwa kitu chepesi, mradi kizishike nyuso hizo zisikaribiane wala kuteleza. Kitu hicho huitwa kiini, na nyuso zake huitwa ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza waliitumia kanuni hiyo hiyo katika ndege ya de Havilland Mosquito, ambayo sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa balsa iliyobanwa na mbao nyembamba. Katika boti, balsa hukatwa vipande vidogo vya mraba ambavyo nyuzi zake husimama wima kutoka ngozi hadi ngozi, kwa sababu maji hupita upesi yakifuata nyuzi za mti na kwa shida yakizikata, hivyo kipande kimoja kikilowa, cha jirani kingepaswa kusalimika. Nadharia hiyo ingetosha kama mapaa yangekuwa tambarare. Paa la boti lina mgongo, na ili balsa iufuate mgongo huo, vipande hubandikwa juu ya kitambaa chepesi na kuachiwa nyufa kati yao. Nyufa hizo zilipaswa kujazwa rezini kiwandani, na pale ambapo hazikujazwa zikawa mifereji.

Maji yenyewe hupata njia mahali padogo sana. Kila kishikio cha mkono, kila dirisha la paani, kila mguu wa antena au wa paneli ya sola hufungwa kwa skurubu au bolti inayotoboa ngozi ya juu na kiini pamoja, na kinachoyazuia maji hapo ni mstari mwembamba wa gundi laini ya kuzibia, ambayo huzeeka kwa jua na kwa kuvutwavutwa. Mti ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 hauozi; ukilowa sana kupita hapo, kuvu huanza kuula polepole, na kwa miaka mingi mwenye boti haoni dalili yoyote, kwa kuwa ngozi zote mbili hubaki nzima na kung'aa huku kati yake mti ukigeuka tope jeusi.

Ufundi wa kulitengeneza paa kama hilo huanzia kwenye sikio. Fundi hupita juu ya paa lote akigonga kwa nyundo ndogo ya plastiki, au hata kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, akisikiliza tofauti kati ya mlio mkavu wa paa lililoshikamana na mlio mzito, uliokufa, wa mahali ambapo ngozi imeachana na kiini, na kila anapousikia mlio huo huchora mpaka kwa penseli. Vipo vipimo vya umeme vya kupimia unyevu, navyo vinafaa, ila hudanganywa na chuma kilichofichwa chini ya ngozi, na anayevitegemea peke yake huishia kukata mahali pazima. Shahidi wa kuaminika zaidi ni tundu dogo la keekee litobolewalo kutoka upande wa ndani: unga wa mti ukitoka mkavu na mweupe, kiini ni kizima, ukitoka umeloa, wenye rangi ya kahawa na harufu ya majani yaliyooza, mpaka wa penseli husogezwa mbele. Kwa kawaida husogezwa mbele kuliko mwenye boti alivyotarajia.

Kisha huja kukata, na hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Paa linang'aa, linazuia mvua, wageni wanalisifu, na mtu anatakiwa ashike grainda alikate. Kwa sababu ya hofu hiyo umeenea mtindo wa kutoboa matundu mengi na kuingiza rezini kwa bomba la sindano, kwa matumaini kwamba italifikia tope na kuligeuza kuwa mti tena. Njia hiyo haifai kutetewa, isipokuwa kwa ngozi iliyoachana na kiini kikavu, kwa maana rezini haishiki mti uliolowa wala haipenyi tope. Huganda kwenye matundu yenyewe na kuacha uozo ukiendelea pembeni, sasa ukiwa umefungiwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mafundi hubishana pia kama paa lifunguliwe kutoka juu au kutoka ndani. Wa ndani hudai kwamba kazi yao haionekani na kwamba rangi ya nje haiguswi. Hawasemi kwa sauti hiyo hiyo kwamba rezini humdondokea fundi usoni, na kwamba kila kipande cha kiini kipya kinapaswa kuegemezwa kwa miti hadi gundi ishike. Anayefanya kazi nyumbani bila msaidizi afadhali aanzie juu, ambako uzito wa vitu humsaidia, akubali kupaka rangi upya. Ngozi ya juu hukatwa peke yake, kwa kisahani chembamba au kwa msumeno wa umeme uliopunguziwa kina, ukiachwa ukingo wa sentimita tano hivi kuuzunguka mkato ili maungio mapya yapate pa kushika. Ngozi huinuliwa ikiwa nzima na kuwekwa kando, na kiini kilichooza huondolewa kwa patasi hadi mti mkavu utokee pande zote, ngozi ya chini ikipigwa msasa mpaka faiba safi. Huo ni wakati wa vumbi la kioo, linalowasha ngozi ya mwili na kudhuru mapafu, kwa hivyo barakoa ya vumbi na glavu hazina mjadala.

Gundi inayofaa kuunganishia ni epoksi, ijapokuwa boti yenyewe iliundwa kwa poliesta, kwa sababu epoksi hushikilia faiba iliyokwisha kukauka kwa nguvu zaidi. Poliesta hugandishwa kwa kichocheo kidogo, asilimia moja hadi mbili, ambacho fundi huweza kukipunguza au kukiongeza kidogo kulingana na joto la siku. Epoksi ni viowevu viwili ambavyo kila kimoja ni sehemu ya kitu kinachozaliwa, na anayeongeza kigumishi akidhani anaharakisha kazi hupata gundi laini isiyokomaa kamwe. Mchanganyiko huo hutoa joto, na ukiachwa kwenye kikombe kirefu huweza kufuka moshi kabla haujatumika. Humiminwa upesi kwenye sinia pana, na katika joto la pwani huchaguliwa kigumishi cha polepole. Kiini kipya, iwe balsa au povu gumu la plastiki lisilonyonya maji, hulazwa juu ya epoksi iliyotiwa unga wa kuikoleza, kingo zote za mti zikiwa zimelishwa epoksi nyepesi kwanza, na nyufa zote hujazwa. Kisha ngozi ya zamani hurudishwa mahali pake na kulemewa kwa viroba vya mchanga.

Mkato nao haufunikwi kwa puti. Hupigwa msasa pande zote uwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ngozi, maana yake ngozi ya milimita 3 hudai mteremko wa milimita 36 kila upande, na juu yake hutandazwa vitambaa vya kioo tabaka kwa tabaka. Epoksi ikikomaa huweza kuacha utando wenye nta, ambao huoshwa kwa maji kabla ya msasa, la sivyo rangi haishiki. Na kwa kuwa jua huidhoofisha, lazima ipakwe rangi.

Linalobaki ni matundu, na kwa haki ndiyo moyo wa kazi yote. Kila tundu la bolti hutobolewa kubwa kuliko linavyohitajika, likajazwa epoksi iliyokolezwa, na likishakauka hutobolewa upya kwa kipimo cha bolti, hivi kwamba gundi ya kuzibia ikichoka siku moja maji yatakuta ukuta wa epoksi mahali pa mti. Viwanda vingi havikufanya hivyo, kwa sababu saa za mfanyakazi zina bei. Fundi wa nyumbani, ambaye saa zake hazidaiwi na yeyote, anaweza kuliacha paa la zamani likiwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani.

Waunda majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuwahi kuahidi chombo kisichovuja. Kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ilirudiwa kila chombo kilipopandishwa nchi kavu, na hakuna nahodha aliyeiona kuwa aibu ya fundi. Boti za faiba ziliuzwa kwa sifa ya kutohitaji matunzo mengi, na wanunuzi walioiamini sifa hiyo waliacha bolti zao miaka 20 au 30 bila kuzifungua.

Ni kweli kwamba saa zinazoingia katika paa moja hazirudi boti inapouzwa, na mnunuzi akilitazama paa lililotengenezwa vizuri haoni kitu. Hata hivyo, mwenye boti ya namna hii, hasa ya kubebea watalii au wapiga mbizi, asisubiri paa libonyee. Achukue nyundo ndogo leo, aanze kugonga kuzunguka miguu ya vishikio na antena, na penye shaka afungue bolti atazame mti ulioko ndani ya tundu.